Haki ya Mwalimu ya Kuendelea Kujifunza



Tuzungumziapo haki shuleni, tumezoea kutaja haki ya mtoto: dawati, kitabu, uji wa saa nne. Leo twataka kuitaja haki ya mwalimu ya kuendelea kujifunza kazi yake, maana isipotimizwa, hasara humwangukia mtoto yule yule.

Tukumbuke tulikotoka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 1977 walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliohitimu darasa la saba walifundisha huku wakijifunza ualimu vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio. Baadaye "mwalimu wa UPE" likawa neno la dhihaka, nasi hatulipendi. Vijana wale waliitikia wito wa taifa. Madarasa yalifurika tena baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001, na mara nyingine elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Mara zote mzigo aliubeba mwalimu.

Sasa tutazame darasani. Mtoto anapewa 42 kutoa 17, anaandika 35. Mwalimu mwenye madaftari themanini anaweka alama ya kosa na kuendelea. Lakini mtoto hakubahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo katika kubwa, 2 katika 7, 1 katika 4. Ana kanuni yake, nayo ni potofu. Kesho ataitumia tena, na alama nyekundu haitamwonyesha ilipo. Mwalimu aliye peke yake huenda asiione. Mwenzake akiketi nyuma ya darasa, akawatazama watoto badala ya kumkagua mwalimu, ataiona. Kisha wawili hao watapanga somo la kesho kwa vijiti vilivyofungwa kumi-kumi.

Hayo hayapatikani kwa semina ya siku mbili mjini. Semina ina faida zake (na posho yake, tusifichane), lakini mwalimu hurudi na kabrasha, na kabrasha halijui watoto wake. Ndiyo maana tunauunga mkono mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unaowakutanisha walimu katika shule zao wenyewe, katika jumuiya za kujifunza. Sisi tunaosali kijumuiya hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulisisitiza kwamba walimu waandaliwe kwa uangalifu mkubwa.

Mpango ulioandikwa, hata hivyo, hufa kwa kukosa saa. Mwalimu anayefundisha mfululizo, kisha akaitwa kusimamia ujenzi wa choo, atakutana na mwenzake lini? Kwa hiyo tunawaomba ninyi mlio katika kamati za shule mwulize katika kikao kijacho: ni siku gani ya juma walimu wetu hukaa pamoja kupanga masomo, na nani huwaondoa hapo? Shule isiyo na chumba cha kufaa iombe ukumbi wa parokia, ambao siku za juma alasiri huwa mtupu. Paroko na halmashauri ya walei wapange ni nani atakayetunza ufunguo.