Mbuyi Anapozaliwa Brussels: Jina la Ukoo Mbali na Ukoo



Wengi humu ukumbini wana wajukuu Brussels, Johannesburg au Montréal. Habari ya kuzaliwa ikifika, tukishajua mama mzima, tunauliza jina. Tena tunauliza kwa wasiwasi, kana kwamba shida ya kumpa mtoto jina la ukoo mbali na ukoo imeanza juzi, uwanja wa ndege wa Luano. Ninavyoona mimi, mji huu wenyewe ulianza kama ugenini, na babu zetu walikwisha kulijibu swali hilo.

Mji huu, wakati ule Élisabethville, ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière ililetewa watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona afadhali mfanyakazi akae kambini na mke wake, na watoto wakaanza kuzaliwa humo kwa wingi. Wamisionari waliwabatiza kwa majina ya watakatifu, ndiyo yakawa majina ya shule na ya orodha ya mshahara. La ukoo liliitwa uani. Halikuwa na sheria ya kulilinda. Lilikuwa na shangazi.

Tazameni mapacha. Kwa Waluba wa Kasai, wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Mzazi hachagui, uzazi wenyewe umekwisha kuchagua. Isitoshe, jina hilo linawageukia wazazi: baba anakuwa Shambuyi, mama Mwambuyi, na kuanzia siku hiyo mtaa unawaamkia hivyo. Kwa Waluba wa Katanga mapacha ni Kyungu na Kabange. Sasa baba ni wa Kasai, mama ni wa huku, na watoto wamezaliwa mtaani Katuba: nani atawaita nani? Familia zimebishana usiku kucha juu ya jambo hilo. Nami nasema ubishi ule ni afya, kwa sababu watu hawagombei jina lisilo na mwenyewe.

Halafu serikali ikaingia. Januari 1972 Rais Mobutu aliacha kuitwa Joseph-Désiré. Kardinali Malula alipinga siasa ile ya kuacha majina ya ubatizo, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Sheria ya Julai 1973 ikaamuru majina ya asili ya nchi, na Sheria ya Familia ya 1987 ikaendeleza sharti hilo. Majina yalipona kwenye karatasi, sikatai. Lakini tulizoea kudhani kwamba kumwita mtoto jina la babu ni kazi ya komini.

Komini ya Ubelgiji haina kazi hiyo. Karatasi zetu zina nom, postnom na prénom, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu matatu yasiyofanana hata kidogo. Kule kuna jina la familia, la baba, na tangu 2014 hata la mama au yote mawili pamoja; la babu inabidi lijibane kwenye nafasi ya prénom. Na lijibane. Waairishi wamepita njia hiyo. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulimleta mjini hapa mmoja wao, Conor Cruise O'Brien, ambaye Conor na O'Brien yake ni majina ya Kigaeli yaliyoandikwa kwa sikio la Kiingereza. Leo mzazi wa Kiairishi aliyeko London humwita bintiye Caoimhe, akijua kila mwalimu mpya atalikosea. Halifupishi kwa ajili ya mwalimu.

Wapo wanaoogopa zaidi ya kukosewa, na wana haki. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa katika mkoa huu, jina lilitosha kumtaja mtu. Watu waliitazama ile Tsh ya mwanzo wa majina ya Kikasai kama hati ya mashtaka, wakisahau kwamba Tshombe, kiongozi wa Katanga, alikuwa Mlunda wa Musumba. Mzazi aliyeyaona hayo akimwita mwanawe Kevin, simcheki.

Kwa wengine nina ombi moja. Kabla ya kuandikisha jina la mtoto, mpigieni simu wajina wake, mzee au bibi aliye hai, akubali kumwita mtoto kila wiki na kumdai salamu. Akifa, atafutwe ndugu wa kushika zamu yake. Na mkiniuliza tahajia, kwani ng'ambo ya Kasumbalesa wanaandika Chi- pale Kasai wanapoandika Tshi-, nakilini ile iliyo kwenye karatasi za mzee huyo, herufi kwa herufi, hata kama karani wa Antwerp atauliza mara tatu.