Msamiati wa Shule katika Kifaransa kwa Watoto wa Masasi na Newala

Kifaransa ni miongoni mwa lugha za kigeni ambazo mtaala wa elimu ya msingi wa Tanzania wa mwaka 2023 umezipa nafasi kama masomo ya kuchagua, pamoja na Kiarabu na Kichina. Kwa mtoto wa Masasi au Newala hiyo huwa lugha ya nne. Nyumbani husikia Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Shuleni husoma kwa Kiswahili na kujifunza Kiingereza. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, shule za Msumbiji hufundisha kwa Kireno. Majirani wanaosoma kwa Kifaransa wako mbali: Komoro, Burundi na Kongo. Mtoto hakisikii sokoni wala njiani, ila darasani tu. Kwa sababu hiyo msamiati wa kwanza unapaswa kuwa wa darasa lenyewe, kwa vitu anavyoviona na kuvitumia kila siku.

Mafundisho huanza na vinavyoshikika: le cahier (daftari), le livre (kitabu), le crayon (penseli), la règle (rula), la craie (chaki), le tableau (ubao). Hufuata watu: l'élève (mwanafunzi), le maître na la maîtresse (mwalimu wa kiume na wa kike). Kisha huja amri za kila kipindi, kama Écoutez (sikilizeni) na Ouvrez vos cahiers (fungueni madaftari yenu). Amri hujifunzwa kwa kutendwa, bila tafsiri.

Majina ya masomo huja baada ya hapo, nayo huwekwa kwenye ratiba, l'emploi du temps. Mengi hayamtishi mtoto: la géographie inafanana na jiografia, la musique na muziki, l'histoire na historia. Yanayohitaji mazoezi zaidi ni yasiyofanana, kama le dessin (uchoraji) na la lecture (kusoma). Ratiba ya Kifaransa ikibandikwa ukutani, swali la kila asubuhi ni moja: leo kuna somo gani?

Sehemu ngumu ni jinsi ya nomino. Kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, na kivumishi hupatana nayo: le petit cahier, la petite règle. Hapa mtoto wa Kimakonde ana mtaji mkubwa. Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kiswahili zote ni lugha za ngeli. Anayesema kitabu kidogo na mti mdogo bila kukosea ameshazoea upatanisho. Mwalimu amwoneshe kwamba Kifaransa nacho kina upatanisho wake, wenye makundi mawili tu. Kwa hiyo neno lisifundishwe peke yake, bali pamoja na kitambulishi chake, le au la. Le cours ni kipindi cha somo, la cour ni uwanja wa shule. Yote mawili hutamkwa sawa, na le au la ndiyo inayoyatofautisha.

Matamshi nayo yanataka subira. Kiswahili hutamka karibu kila herufi inayoandikwa, ilhali katika temps herufi za mwisho, p na s, hazisikiki. Neno lisikiwe na kutamkwa kwanza, kisha liandikwe. Kiingereza pia kinaweza kupotosha: la librairie inafanana na library, lakini ni duka la vitabu; maktaba ni la bibliothèque.

Vitabu vilivyoandikiwa watoto wa Ulaya vina mabasi ya shule na kumbi za chakula. Mtoto wa Newala anahitaji le balai (ufagio), le seau (ndoo), la bouillie (uji) na l'anacardier (mkorosho), maana hiyo ndiyo siku yake ya shule. Asiyeweza kuieleza siku yake mwenyewe kwa lugha mpya bado hajaipata lugha hiyo.

Kazi hii inamhitaji mwalimu aliyeandaliwa. Chuo cha ualimu cha Kitangali kiko karibu na watoto hawa, na ni vema kimfunze mwalimu kutumia ngeli za lugha za nyumbani kama ngazi ya kufikia Kifaransa. Lugha ya mama isifukuzwe darasani, kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha mtoto upatanisho kabla hajafika shuleni.