Kaimu Aliyejibu Sifuri



Tangu M-Pesa ianzishwe mwezi wa Machi 2007, ni nadra kuliona duka katika mitaa hii yetu, toka Kayole hata barabara ya Kangundo, lisilopokea malipo kwa simu. Na wako vijana miongoni mwetu ambao riziki yao ya kwanza ni kumwandikia mwenye duka programu ya kuzipokea fedha hizo.

Natwaa mfano wa muuza gesi. Mteja ameagiza mtungi wa kilo 6. Programu yapeleka ombi Safaricom, wenye M-Pesa, simu ya mteja yamtaka nambari yake ya siri, kisha jibu larejea likiwa na sifa iitwayo ResultCode. Ikiwa ni 0, fedha zimelipwa. Ikiwa 1, salio halitoshi. 1032, mteja amebatilisha. 1037, simu yake haikupatikana. Mwenye bodaboda haondoki na mtungi ila kwa hiyo sifuri.

Programu hiyo sharti ijaribiwe kabla ya kufika dukani; na madhali jaribio la sehemu moja ya programu halifai kungoja mtandao wala kidole cha mteja, mwandishi huiweka huduma ya malipo nyuma ya kiolesura, na mahali pa huduma ya kweli akasimamisha kaimu, ajibu kama alivyoagizwa. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliueleza utaratibu huu katika makala yao ya mwaka 2000, na leo zana zake ni tele, kama Moq kwa waandikao C#.

Hatari imejificha mahali padogo mno. Kaimu wa Moq aliyeachwa katika desturi yake ya kawaida, akiulizwa sifa ya nambari kamili ambayo hakuagizwa neno juu yake, hanyamazi wala halalamiki: hujibu 0. Na katika malipo yetu, 0 ndiyo habari njema kuliko zote! Basi kijana aliyesahau kuiagiza ResultCode huona jaribio limefaulu, ilhali hakuna aliyelipa hata senti. Na programu isiyoitazama 1032 kabisa hupita salama hadi dukani, ikamtolea mtungi mteja aliyekwisha kubatilisha.

Fauka ya hayo, kaimu huyu aghalabu hana kumbukumbu. Programu ikiandika katika sifa ya kaimu iitwayo Hali kwamba agizo limelipwa, kisha jaribio likaisoma sifa ile ile, kilichoandikwa hakionekani, ila awe ameamriwa kwa amri kama SetupProperty akitunze. Amri ya SetupGet humpa jibu la kutoa tu. Watu hukesha wakisaka kosa katika programu isiyo na kosa.

Rai yangu ni thabiti: penye fedha za watu, kaimu aundwe kwa MockBehavior.Strict, ili akiulizwa asichoagizwa, jaribio lianguke papo hapo. Wako wasemao kwamba ukali huo huvunja majaribio kila programu ibadilikapo, na ni kweli. Lakini taabu ya kuyarekebisha ni ya mwandishi, na hasara ya mtungi ni ya mwenye duka.

Nawasihi, vijana wetu: kabla hamjaandika jaribio la malipo yaliyofaulu, andikeni la 1032, kisha la 1, kisha la 1037, na kila moja liiagize nambari yake bayana.