Maji ya Mvua Hayajui Mpaka wa Kiwanja



Kila mwaka mvua zianzapo katika nchi ya Unyamwezi, kuanzia Novemba, swali moja hurudi katika ofisi za kata na mitaa ya Manispaa ya Tabora: maji yakiingia ndani ya nyumba ya mtu, jukumu ni la nani? Mtaro ulio kando ya barabara una mwenyewe. Bomba la maji taka lina mwenyewe. Choo kilicho nyuma ya nyumba nacho kina mwenyewe. Lakini maji yatokapo mtaroni yakaingia chooni, kisha yakapanda na uchafu wake hadi ukumbini, hapana anayejitokeza kusema kwamba maji hayo ni yake. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba fedha ya umma ina haki, tena ina wajibu, wa kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwananchi ili kuzuia balaa hiyo, na kwamba yafaa ivuke kabla ya mvua, si baada yake.

Historia ya mji wenyewe inatoa ushahidi. Tabora, ambayo wageni wa karne ya 19 waliiandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo: mmoja ukielekea Ujiji, mwingine ukielekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Katika njia ile maji yalikuwa adui wa namna mbili. Kiangazi yaliadimika katika nyika ya Mgunda Mkali. Masika yalizidi katika bonde la Makata, upande wa Kilosa, ambako msafara wa Stanley wa mwaka 1871 ulitaabika katika matope na maradhi. Mkuu wa msafara aliyekuwa na busara aliyahesabu maji kabla hayajafika.

Njiani ulikuwapo pia utaratibu wa hongo, ambayo siku hizo haikuwa rushwa bali ada ya kupita katika nchi ya mtemi. Wapo waliolalamika kwamba ni gharama kubwa. Lakini aliyekataa kuilipa mwanzoni aliweza kulipa mara nyingi zaidi kwa mizigo iliyoporwa, kwa vita na kwa siku zilizopotea. Mvua nayo hudai ada ya namna hiyo. Asiyeilipa kwa saruji na bomba mwezi wa Septemba hulipa kwa magodoro, madaftari na dawa mwezi wa Januari.

Hata tembe, nyumba ya jadi ambayo mfano wake umehifadhiwa Kwihara, ilijengwa kwa kanuni hiyo. Paa lake bapa la miti iliyofunikwa kwa udongo lilihitaji kutunzwa kiangazi. Ua wake ulihitaji pa kutolea maji. Nyumba ilikuwa mali ya mtu binafsi, lakini maarifa ya kuitunza yalikuwa mali ya kijiji kizima, na kazi yake ilifanywa kwa ushirika.

Hali ya leo imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu ya mafanikio. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na uhaba wa maji ulikuwa wimbo wa kila kiangazi. Kisha mradi mkubwa, uliogharimiwa kwa mkopo kutoka India, ukayaleta maji ya Ziwa Victoria hadi Nzega, Igunga na Tabora, na ukazinduliwa mwaka 2021. Hiyo ni neema isiyo na ubishi. Lakini maji yanayoingia nyumbani hapana budi yatoke. Wahandisi hukadiria kwamba kama asilimia 80 ya maji yanayotumiwa nyumbani hutoka yakiwa machafu. Nyumba iliyokuwa ikitumia ndoo tano za lita 20 kwa siku hutoa maji machache ambayo ardhi huweza kuyanywa. Nyumba hiyo hiyo ikipata bomba, ikatumia lita 400, hutoa lita 320 kila siku, yaani karibu lita 10,000 kwa mwezi. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya siku za ndoo haliwezi kubeba mzigo wa siku za bomba.

Juu ya mzigo huo huongezeka mvua. Walimu wa hesabu wanaweza kuwapa wanafunzi swali hili ubaoni: paa la bati lenye eneo la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50 za mvua, hukusanya lita ngapi? Jibu ni lita 5,000, sawa na mapipa 25 ya lita 200. Ikiwa maji hayo yanamwagika uani bila mfereji, nayo yakateremka kuelekea chooni, basi shimo hujaa kwa mvua moja. Kilichomo hupanda juu, huvuka ukuta, huingia kwa jirani na hufika kisimani. Manispaa ilikuwa na watu 226,999 katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 300,000. Nyumba zimesogeleana, na kosa la kiwanja kimoja limekuwa ugonjwa wa mtaa mzima. Taifa halijasahau mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, ambao uliwapata watu zaidi ya 20,000 na kuua mamia.

Katika hali hiyo mamlaka zimegawana kazi, na mgawanyo huo una sababu zake. Barabara za mjini na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Maji safi na maji taka yako chini ya TUWASA. Vibali vya ujenzi na afya ya jamii viko chini ya Halmashauri ya Manispaa. Kila chombo kinaweza kutimiza wajibu wake hadi ukingoni mwa kiwanja, na nyumba ikaendelea kufurika. Kipande cha mwisho, yaani zile mita chache za bomba, chemba, karo na mfereji wa paa, kimeachiwa mwenye nyumba peke yake, hata kama hana uwezo wala fundi.

Yapo mataifa yaliyokabili tatizo hili kwa sura nyingine. Katika mji wa Toronto, nchini Kanada, nyumba nyingi zina vyumba chini ya ardhi. Mvua kubwa inaponyesha, mabomba ya umma hujaa, na maji taka hurudi nyuma kwa bomba lile lile yaliyotokea na kububujika ndani ya vyumba hivyo. Mnamo tarehe 8 Julai 2013 zilinyesha milimita 126 katika uwanja wa ndege wa huko kwa muda wa saa chache, na maelfu ya nyumba zikafurika. Serikali ya mji huo haikuridhika na kupanua mabomba ya barabarani tu. Iliweka ruzuku kwa mwenye nyumba anayefunga vali, yaani kile kilango kinachoruhusu maji taka kutoka na kujifunga yanapotaka kurudi, na kwa mwenye kuweka pampu ya kutoa maji chini ya msingi. Kwa miaka mingi ruzuku hiyo ilifikia asilimia 80 ya gharama, isiyozidi dola 3,400 za Kanada kwa nyumba. Lakini ilikuwa na masharti: kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, na maji ya paa yasiunganishwe na bomba la maji taka.

Si lazima Tabora iige vali na pampu. Nyumba za Tabora kwa kawaida hazina vyumba chini ya ardhi, na wakazi wengi hutumia vyoo vya shimo na makaro. Kinachofaa kuigwa ni kanuni, kwamba umma huchangia kile kipande cha mali binafsi ambacho kikiharibika huumiza umma. Kwa Tabora, kipande hicho ni shimo lililojengewa kuta, sakafu ya choo iliyonyanyuliwa juu ya usawa wa maji, karo lenye mfuniko imara, na mfereji wa paa unaopeleka mvua kwenye tangi au mtaroni.

Wapo watakaouliza kwa nini kodi ya wote ijenge choo cha mmoja. Hoja hiyo ina uzito, nayo inastahili jibu. Wananchi hawakuuliza hivyo serikali ilipotoa ruzuku ya mbolea mwaka 2022, ingawa shamba ni la mtu binafsi na mavuno yake ni yake. Walielewa kwamba chakula cha mkulima mmoja ni usalama wa taifa. Ikiwa mbolea ya shamba la mtu yaweza kuwa jambo la umma, uchafu unaotoka katika kiwanja cha mtu na kuingia kwa jirani ni jambo la umma zaidi.

Wapo pia watakaosema kwamba wananchi wajitegemee, kama walivyofanya katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kampeni ile ni fahari ya nchi. Watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, wakaongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Ilithibitisha kwamba mwananchi akielimishwa hutenda. Lakini jembe na nguvu hutosha kuchimba shimo katika kijiji chenye nafasi. Havitoshi kuzuia maji katika mtaa uliosongamana, ambako panahitajika matofali, saruji, bomba na ufundi. Kujitegemea kwa mwananchi ni kutoa anachoweza, na wajibu wa umma ni kujazia kilichopungua.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba ruzuku huenda ikamfikia asiyeihitaji. Mpango unaomtaka mwenye nyumba alipe kwanza na kurudishiwa baadaye humfaa mwenye akiba, nao humwacha nje mjane wa mtaa wa bondeni. Aidha, mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008 uliacha fundisho chungu, kwamba msaada usiotangazwa hadharani huzaa majina hewa. Tena wengi mjini ni wapangaji wanaoshirikiana choo kimoja. Ruzuku ikimpa mwenye nyumba choo kipya, naye akapandisha kodi, aliyekusudiwa kusaidiwa atakuwa amefukuzwa.

Kwa hiyo mambo manne hayana budi kuzingatiwa. Kwanza, nyumba za mabondeni na zile ambazo choo chake hufurika kila masika ziorodheshwe kabla ya nyingine, na orodha ibandikwe katika ofisi ya mtaa ili kila mtu aisome. Pili, fedha isikabidhiwe mwenye nyumba, bali alipwe fundi baada ya afisa afya kukagua kazi. Tatu, mwenye nyumba ya kupangisha atie sahihi kwamba hatapandisha kodi kwa muda utakaowekwa kwa sababu ya kazi iliyochangiwa na umma. Nne, mwenye nyumba achangie sehemu kwa fedha, kwa mchanga au kwa nguvu zake, kwa maana kitu kilichotolewa jasho hutunzwa.

Mafundi wapo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, utaratibu uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana mafundi bomba na waashi kikikopeshwa vifaa, kisha kikapewa kazi zinazolipiwa na ruzuku, shilingi moja itakuwa imefanya kazi mbili: kukausha nyumba na kumpa kijana riziki.

Na gharama ya kutofanya lolote inajulikana. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, yaling'oa reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912, na abiria wa Tabora na Kigoma wakakaa miezi bila treni. Aprili 2024 Bunge lilielezwa kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri watu wapatao 200,000 nchini. Kila inapotokea hivyo umma hulipa tu: mahema, unga, dawa na madaraja mapya. Basi hoja si kama umma ulipe au usilipe. Hoja ni kama ulipe kidogo mapema au ulipe sana baadaye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mtaa uliosongamana ukuta huo huangukia watoto wa jirani.

Ndugu watumishi wa umma, faili la mtaro, faili la maji taka na faili la afya yakutanishwe mezani pamoja kabla ya Novemba, kwa sababu maji yatakutana mtaani hata kama mafaili hayakukutana. Ndugu walimu, shule ndiyo paa kubwa kuliko yote mtaani. Ikiwekwa mifereji na tangi, na vyoo vyake vikinyanyuliwa, kila mtoto atarudi nyumbani na somo ambalo hakulikariri bali aliliona. Misafara ya zamani ilitoka Tabora baada ya kuhesabu mizigo, maji na ada za njia. Mji uliozaliwa na misafara hiyo unao uwezo wa kuihesabu mvua ijayo ingali mawinguni.