UPANGA WA KIJAPANI NA MTUNZAJI WAKE



Wazee wetu wengi waliokuwa askari wa K.A.R. walikwenda Burma katika vita vya miaka ya 1944 na 1945. Waliporudi walisimulia habari za maofisa wa Kijapani waliobeba panga ndefu hata mwituni, katika zama za bunduki na mizinga. Vita vilipokwisha, maofisa hao waliamriwa kuzitoa panga zao, na nyingi zikachukuliwa na washindi hata Uingereza, Marekani na Australia. Huko zilitundikwa ukutani au zikafungiwa sandukuni. Mwenyewe akifa, upanga humwangukia mwana au mjukuu, naye hajui ni kitu gani alichorithi. Leo nataka kusema juu ya mtu huyo, na mwanagenzi mwingine ye yote aliyeanza kuzipenda panga hizi na kuzikusanya. Kwa maana mara nyingi adui wa upanga wa kale si mwivi, bali ni mwenye upanga, apendaye kuusafisha kabla ya kujua.

Kwanza yafaa tujue upanga huo hufanywaje. Tangu kale wahunzi wa Japani walitumia sana mchanga mweusi wenye chuma. Mchanga huo hutiwa pamoja na makaa katika tanuri la udongo, na mivukuto huvuma siku tatu, usiku na mchana. Mwisho tanuri huvunjwa, ndani mkatoka donge kubwa. Chuma chake kilicho bora huitwa tamahagane. Tanuri la namna hiyo lilifufuliwa mwaka 1977 katika jimbo la Shimane, ili wahunzi wa siku hizi wasikose chuma cha asili.

Mhunzi hukipiga chuma hicho kwa nyundo, hukikunja, akakipiga tena. Akikunja mara kumi, tabaka zake zimekwisha kupita 1,000. Upanga ukiisha kupata umbo, huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba makalini, akautia motoni na kuuzamisha majini. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole, ukabaki na uvumilivu wa kutovunjika. Pale ugumu na ulaini vinapokutana huonekana mstari mweupe, mara kama wimbi, mara kama ukungu wa alfajiri. Wajuzi huweza kukaa saa nzima wakiutazama mstari huo.

Upanga ambao makali yake yana urefu wa zaidi ya sentimeta 60 huitwa katana. Wa kati ya 30 na 60 ni wakizashi. Na ulio chini ya hapo ni tanto, yaani kama kisu kikubwa. Lakini si kila upanga uliotoka Japani ulifuliwa namna niliyoieleza. Mwaka 1876 serikali ya huko iliwakataza samurai kutembea na panga, na wahunzi wengi wakakosa kazi. Vita vilipokuja baadaye, panga nyingi za maofisa zilifanywa kwa haraka kwa chuma cha viwandani na kuzamishwa katika mafuta. Hizo ni kumbukumbu za vita, lakini si kazi ya sanaa. Walakini msidanganyike na mavazi ya nje. Baadhi ya maofisa waliutwaa upanga wa mababu zao, wenye umri wa miaka mia tatu au zaidi, wakautia katika ala na mpini wa kijeshi. Basi ndani ya ala iliyochakaa huenda mkawamo hazina.

Tutajuaje? Ushahidi mkubwa u katika msuka, ile sehemu ya chuma iingiayo katika mpini. Mpini hushikwa na kijiti kimoja cha mwanzi. Kijiti kikisukumwa nje taratibu, mpini hutoka. Hapo mara nyingi utaona jina la mhunzi, na pengine mwaka. Tena utaona kutu nyeusi. Kutu hiyo, wasikilizaji, ni kama mvi za mzee: yaonyesha umri. Mwanagenzi huiona uchafu, akaleta tupa na msasa, akasugua mpaka msuka unang'aa kama sarafu mpya. Ole wake! Kwa saa moja amefuta ushuhuda wa karne nyingi, wala hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha. Kutu ya msuka isiguswe kabisa.

Hata jina lenyewe lisiaminiwe upesi. Tangu zamani wadanganyifu walichonga majina ya wahunzi mashuhuri juu ya kazi za watu wadogo. Masamune wa Sagami, aliyeishi kama miaka mia saba iliyopita, ndiye mhunzi aliyesifiwa kuliko wote. Lakini ni nadra sana kuandika jina lake juu ya kazi yake. Basi ukiletewa upanga wenye jina la Masamune, furaha yako na ingoje. Tazama umbo kwanza, kisha chuma, kisha mstari wa makali, na jina liwe la mwisho.

Sasa habari za utunzaji. La kwanza, usiguse chuma kwa vidole, kwa kuwa jasho la mkono huleta kutu. La pili, usiseme wala kupumua karibu na upanga uliochomolewa, kwani mate na mvuke huanguka juu yake. La tatu, uchomoe polepole, makali yakiwa juu, ili mgongo ndio uteleze ndani ya ala. Wala vidole vyako visipite upande wa makali, kwa maana upanga mkali waweza kuipasua ala na kukata mkono. La nne, ufute mafuta ya zamani kwa kitambaa laini kilicho safi, halafu upake mapya membamba sana, na kurudia hivyo kila baada ya miezi michache. Mafuta yanayotumika Japani tangu zamani hutiwa karafuu kidogo, nayo hunukia harufu ambayo watu wa Unguja na Pemba waijua tangu utotoni. La tano, uuweke umelala, makali juu, mahali pasipo unyevu, mbali na watoto.

Je, kama chuma kimekwisha kushika kutu pale juu ya mpini? Usikinoe wewe. Japani wako mafundi ambao kazi yao ni kunoa panga tu, nao hujifunza kama miaka kumi. Hutumia mawe mengi mbalimbali, kila moja laini kuliko lililotangulia. Kila unoaji huondoa chuma kidogo, na chuma kilichoondoka hakirudi. Ukikosa fedha za kumlipa fundi wa kweli, paka mafuta na ungoje. Mwenye subira hula mbivu.

Na kwa atakaye kununua, shauri langu ni hili: nunua elimu kabla ya upanga. Soma, nenda ukatazame panga zilizo katika nyumba za makumbusho za Tokyo, London, Boston au New York, hata jicho lako lizoee kilicho kizuri. Siku hizi panga za uongo ni nyingi, na mstari wa makali huigizwa kwa tindikali. Tena ujue sheria. Japani kila upanga wa sanaa una hati ya serikali, na kuutoa nchini huhitaji ruhusa. Na nchi nyingine zina sheria zao za silaha, uliza kwanza.

Nimalize kwa habari mbili. Mwezi wa Desemba 1945 ukoo wa Tokugawa ulipeleka panga zake katika kituo cha polisi huko Tokyo, kama ilivyoamriwa. Mmoja ulikuwa Honjo Masamune, fahari ya watawala wa nchi ile kwa vizazi vingi. Ulichukuliwa kutoka hapo mwaka 1946, na mpaka leo haujaonekana. Lakini upanga mwingine, wa mhunzi Kunimune, uliopotea katika hekalu la Terukuni baada ya vita, ulikutwa Marekani na mkusanyaji jina lake Walter Compton. Alipoutambua hakuuuza, aliurudisha Japani mwaka 1963, wala hakudai malipo.

Tofauti ya habari hizi mbili ni mtu mmoja aliyejua alichokishika. Upanga uliodumu miaka mia saba umepita katika mikono ya watu wengi, na wote wamekufa. Sisi nasi tutapita. Wajibu wetu ni kuukabidhi kwa ajaye kama tulivyoupokea. Na ndivyo ilivyo kwa mkuki wa babu, kwa ngoma ya kale, na kwa mlango wa nakshi ulio nyumbani kwenu.

Kwaherini.