Mimba Zikitoka, Baba Naye Apimwe

(Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua polepole.)

Leo tunasema na akina baba, lakini mama, usiondoke karibu na redio.

Ndoa ikikaa bila mtoto, au mimba zikitoka moja baada ya nyingine, ukoo mzima humtazama mke. Mama mkwe ananung'unika, mawifi wanamshauri kaka yao aoe mwingine. Mke anazungushwa kwa waganga na hospitalini, huku mume hajapimwa hata mara moja. Ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwa mume, peke yake au pamoja na la mke.

Tuanze na mbegu yenyewe. Ndani ya kichwa cha mbegu ya kiume mna DNA, yaani maelekezo ya urithi. Mtoto hupata nusu ya maelekezo hayo kwa baba na nusu kwa mama. DNA ya mbegu ikikatikakatika, mbegu hiyo bado inaweza kuogelea na kulifikia yai. Yai la mama hujaribu kurekebisha palipoharibika. Uharibifu ukiwa mkubwa, mimba inaweza isitunge, au itunge kisha itoke.

Kipimo cha kawaida cha manii huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake na umbo lake. DNA hakiioni. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuambiwa mbegu zake ni nzuri, na bado tatizo likawa kwake. Kipo kipimo cha DNA ya mbegu, na Shirika la Afya Duniani limekieleza katika mwongozo wake wa maabara wa mwaka 2021, lakini ni hospitali chache zinacho. Usikate tamaa kwa hilo, maana mengi yanaweza kufanywa bila kipimo hicho.

Ni nini huharibu DNA ya mbegu? Sigara ni adui mkubwa. Maambukizo ya njia ya uzazi, kama klamidia, nayo yamo. Joto pia: korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi kidogo. Wengine wana mishipa iliyovimba juu ya korodani, ukigusa ni kama kamba zilizojikunja; hiyo daktari anaweza kuitibu kwa upasuaji. Kuna pia dawa za kuulia wadudu shambani, kisukari, unene na umri mkubwa.

Habari njema ni hii: mwili hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu huchukua karibu miezi mitatu hadi kukomaa. Baba anayeacha sigara leo, anayemaliza dawa za maambukizo pamoja na mke wake, anayefunika mdomo na kuvaa glavu anapopuliza dawa shambani, asitegemee mabadiliko wiki ijayo. Avumilie miezi mitatu. Na asimalize pesa zake kwa vidonge vya sokoni vinavyoahidi mtoto.

Hatusemi kila mimba inayotoka ni kosa la baba. Malaria, kaswende na sababu nyingine nyingi hutoa mimba. Ndiyo maana tunasema wapimwe wote wawili.

Basi, ndugu msikilizaji, kumbuka haya. Mkikaa miezi 12 mkitafuta mtoto bila kupata, au mimba ikitoka zaidi ya mara moja, nendeni kituo cha afya pamoja. Baba, mwambie mhudumu: nami nipimeni. Neno hilo halikuondolei uanaume. Linaweza kumwondolea mkeo lawama isiyo yake, na kuiokoa nyumba yenu.



(Muziki wa kufunga kipindi.)