Wakikuahidi kiwanda cha kuchoma taka, uliza jivu linaenda wapi

(Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye kikao chetu cha vijana. Nimeyapanga hapa kama uzi kwa wale hawakufika. Sheria yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama.)

1. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi. Haya mambo nimeyafuatilia kama mpiga kura tu.

2. Nimekulia Kariobangi. Moshi wa jaa la Dandora tunaujua hata gizani. Jaa hilo lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001, na malori bado yanaingia. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "taka zitageuka stima", hata mimi napiga makofi. Lakini kuna swali sijasikia likiulizwa kwenye mdahalo wowote: jivu je?

3. Taka zikichomwa hazipotei. Choma tani 1,000, utabaki na tani kama 200 hadi 300 za jivu la chini ya tanuri, na tani 20 hadi 50 za jivu jepesi linalonaswa na vichujio vya moshi. Hilo kidogo ndilo hatari. Betri, rangi, waya na plastiki zina risasi na kadimiamu. Moto hauziui. Zinageuka mvuke, mvuke unapoa, zinashika kwenye jivu. Yaani kichujio kikifanya kazi vizuri, sumu imetoka hewani ikahamia kwenye gunia.

4. Limwage hilo jivu wazi, mvua inyeshe. Dandora iko kando ya Mto Nairobi, malizia mwenyewe.

5. Na risasi si hadithi kwetu. Owino Uhuru, Mombasa, watu walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Kiwanda hujengwa haraka. Haki ndiyo huchelewa.

6. Habari njema: dawa iko. Inaitwa kutuliza metali, yaani kuzifunga zisivuje. Unaweza kutumia fosfeti, ambayo hushikana na risasi ikawa madini magumu kuyeyuka. Unaweza kutumia kemikali maalum za kuikamata, au kuyeyusha jivu kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 likawa kama kioo. Uswisi wanaliosha kwa asidi na kurudisha zinki sokoni. Japani, sheria hairuhusu jivu jepesi litupwe kabla ya kutibiwa.

7. Sasa mtego. Utaambiwa, "tutachanganya na simiti tutengeneze matofali." Simiti inasaidia, lakini risasi ina tabia mbili: huyeyuka kwenye asidi, na huyeyuka tena alkali ikizidi. Jivu hili tayari limejaa chokaa ya kusafishia moshi. Ongeza simiti bila kupima, unaweza kuifungua badala ya kuifunga. Pia lina chumvi nyingi, ambayo huharibu ugumu wa simiti.

8. Kwa hivyo usikubali neno "salama" bila kipimo. Kipimo chenyewe si uchawi: unatikisa jivu lililotibiwa ndani ya maji yenye asidi, kisha unapima yale maji. Marekani wanatikisa kwa saa 18, na risasi ikifika miligramu 5 kwa lita, hiyo ni taka hatari.

9. Siasa iko wapi hapa? Utepe wa kiwanda unakatwa mara moja, na kamera zipo. Jivu linatibiwa kila siku, miaka 20 na zaidi, na hakuna kamera. Bajeti ikibana, gharama isiyoonekana ndiyo inakatwa kwanza. Chini ya Katiba ya 2010, utupaji wa taka ni kazi ya kaunti, Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Vitumie.

10. Kikao cha maoni ya umma kikiitwa, nenda na maswali matatu. Jivu jepesi litatibiwa kwa njia gani na litazikwa wapi? Nani analipa, na je, pesa hizo zimeandikwa kwenye mkataba? Matokeo ya kipimo yatatangazwa wapi, na kila baada ya muda gani?

11. Sipingi kiwanda. Nimechoka na moshi kuliko wengi wenu. Lakini sitaki mtoto wa Kariobangi aokolewe na moshi halafu anyweshwe jivu.